Kumshonea mdoli wa zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukichambua mitumba Mtwara mjini, mara mojamoja unakutana na mdoli wa Barbie, uchi, nywele zimesokotana. Kuuvalisha si gharama. Kinachogharimu ni maneno ya watu.

“Mgongoni umeandikwa 1966, basi ni wa 1966.” Si lazima. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la mwili, na Mattel, watengenezaji wa Barbie, waliendelea kuuchapa hadi miaka ya 1990.

“Nguo nzuri hutoka kwenye kitambaa kipya.” Mdoli huu una kimo cha sentimita 29 hivi. Kitenge kipya ni kigumu, kiunoni kinasimama kama boksi, na ua lake moja linafunika kifua chote. Khanga iliyofuliwa miaka nenda rudi inalala vizuri. Kata penye vimaua vidogo vya pindo. Jina liache, herufi tatu tu zitajaza sketi. Shati lililochanika kola bado lina upindo mzima chini: ukilikata hapo, gauni limeshapindwa. Soksi ya mtoto ni sweta tayari, toboa mikono tu. Na vipande vinavyoanguka chini ya cherehani, fundi ukimwomba vizuri atakupa bure.

“Rangi ya nguo haidhuru plastiki.” Hii ndiyo inayoharibu midoli. Plastiki hii, yaani vinili, ina kemikali za kuilainisha, na rangi ya kitambaa hupenya humo polepole. Joto letu la pwani linazidi kuisukuma. Jinzi au nguo nyekundu ikikaa miezi, ukiivua unakuta mapaja yana madoa, na sabuni haifui kitu kwa sababu doa liko ndani. Wapo wanaopaka dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi: doa hupungua, lakini na mwili nao unaweza kupauka. Bora ujaribu kabla ya kushona. Lowesha kitambaa, kiweke kati ya vitambaa viwili vyeupe, piga pasi. Vyeupe vikishika rangi, achana na chumvi na siki, hazifungi rangi ya kiwandani. Fua mpaka maji yatoke safi, kisha weka bitana nyeupe. Hata hivyo, mdoli ukiwekwa kabatini uvuliwe.

“Ni gauni la mtu, dogo tu.” Kichwa cha mdoli hakipiti kiunoni mwa gauni. Acha mgongo wazi hadi chini ya kiuno, utie vifungo vya kubonyeza. Velkro inanasa nywele. Mikono ishone kabla ya kufunga ubavu. Vidole vikikwama wakati wa kuvalisha, funika kiganja kwa karatasi ya pipi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, usiitafute). Cherehani ikimeza kitambaa, weka gazeti chini, shona, kisha lichane.

“Chandarua chakavu ni shela ya bure.” Kinapendeza, ila vyandarua vya kugawiwa vina dawa ya mbu, na vingine huyeyuka kwenye pasi. Mdoli wa kutazamwa tu, sawa. Wa mtoto anayeutia mdomoni, kata pazia jepesi.