Je, Wajua Kwa Nini Mlevi Aliyeacha Pombe Humtafuta Mlevi Mwenzake?

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1935, mwanamume mmoja kutoka New York alikuwa akienda huku na huko katika ukumbi wa mapokezi wa Hoteli ya Mayflower, mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Upande mmoja palikuwa na baa, na vicheko vya wanywaji vilimfikia pale aliposimama. Upande wa pili palikuwa na simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji huo. Bill Wilson, dalali wa hisa ambaye pombe ilikuwa imemmaliza, alikuwa na miezi mitano tu tangu aache kunywa, na biashara iliyompeleka Akron ilikuwa imeharibika. Akaiendea simu. Hakuomba dawa wala nauli ya kurudi kwao. Alimwomba mchungaji aliyepokea amwelekeze kwa mlevi.

Ombi hilo linashangaza, kwa kuwa anayejikongoja kutoka katika ulevi huambiwa awakimbie walevi. Lakini Bill alikuwa na sababu. Tangu alipotoka hospitalini New York mnamo Desemba 1934, alikuwa amewaendea walevi wengi na kuwahubiria kwa juhudi, na wote walirudi chupani. Alipokata tamaa, mkewe Lois alimwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: hata kama Bill hakumwokoa yeyote, yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. Daktari wake, William Silkworth, naye alimshauri apunguze mahubiri na aeleze kwanza jinsi maradhi yenyewe yanavyomkamata mtu mwili na akili.

Simu ya mchungaji ilimfikisha kwa Henrietta Seiberling, mama aliyekuwa akimwombea rafiki yake, daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith, aache pombe. Bill na Bob walikutana nyumbani kwa Henrietta siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni. Daktari Bob, akiwa hoi kwa ulevi wa jana yake, alikuwa ameapa kwamba hatakaa zaidi ya dakika 15. Aliondoka saa tano na robo usiku. Bill hakumhubiria. Alimweleza jinsi yeye mwenyewe alivyokunywa, alivyoficha, alivyoahidi na alivyovunja ahadi, na akakiri kwamba alimhitaji Bob kama Bob alivyomhitaji yeye. Bob alikuwa amesoma na kusikia mengi kuhusu ulevi, lakini baadaye alisimulia kwamba huyo ndiye binadamu wa kwanza aliyezungumza naye ambaye aliyajua hayo kwa kuyapitia.

Kupona kwenyewe hakukuja siku hiyo. Wiki chache baadaye Bob alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa chakari, akarudi huku akiwa na mgonjwa wa kumpasua. Asubuhi ya upasuaji mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na Bill akampa bia moja ya kuzimua ili aweze kushika kisu. Bia hiyo inatajwa kuwa kinywaji chake cha mwisho, na siku yake, Juni 10, 1935, ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitaja majina. Mwezi huohuo wawili hao waliketi kando ya kitanda cha mwanasheria aliyelazwa mjini humo kwa ulevi, naye akawa wa tatu.

Ni muhimu kujua kwamba Marekani ilikwisha kuona mwanzo wa namna hii. Mwaka 1840, wanywaji 6 wa baa moja ya Baltimore waliapa kuacha pombe, wakaanzisha mikutano ya kusimuliana maisha yao chini ya jina la Washington, na harakati yao ikaenea kwa kasi kubwa. Kisha ikatumbukia katika mabishano ya siasa na ya kupiga marufuku pombe, na kabla ya miaka 10 kwisha ilikuwa imesambaratika. Naamini hapo ndipo penye thamani ya kanuni 12 ambazo chama cha Bill na Bob kilizipitisha Cleveland mwaka 1950: kisiegemee siasa, kisipokee fedha za nje, na mwanachama asijitangaze magazetini. Kuhusu fedha, walikuwa wamekwisha kufundishwa: mwaka 1938 tajiri John D. Rockefeller Mdogo, alipoombwa dola 50,000, alitoa 5,000 tu, akihofia kwamba fedha zingeiharibu kazi hiyo. Leo chama kinajitaja kuwa na wanachama wapatao milioni 2 katika nchi takriban 180.

Daktari Bob alibaki Akron. Kuanzia 1939, pamoja na mtawa Ignatia wa Hospitali ya Mtakatifu Thomas, alihudumia walevi wanaokadiriwa kufikia 5,000 bila kuwatoza ada ya udaktari, hadi alipofariki Novemba 1950. Alitaja sababu nne za kufanya hivyo: ni wajibu, ni furaha, ni deni kwa mtu aliyetumia muda wake kumfikishia yeye msaada huo, na kila alipokaa na mlevi mmoja zaidi, alikuwa akijiongezea bima kidogo dhidi ya kuteleza.