Waseda haikujengwa kwa kiboko: dhana potofu kuhusu timu ya besiboli ya chuo kikuu inayosingiziwa kuliko zote

Besiboli ya Tanzania imejengwa kwa kiasi kikubwa kwa msaada wa Wajapani, ndiyo maana hatushangai mashindano yetu ya shule yakiitwa Koshien, kama yale makubwa ya sekondari za Japani, na makocha wetu wakihesabu kwa Kijapani wakati wa kupasha misuli. Hilo halina neno. Kinachonichosha ni hadithi za Japani zinazosimuliwa kando ya uwanja na watu ambao hawajafungua hata ukurasa mmoja wa historia yake. Mzazi anaona watoto wanacheka mazoezini, ananivuta pembeni: "Kocha, unawadekeza. Wenzetu wa Waseda walifundishwa mpaka wakatapika damu." Waseda ni chuo kikuu cha Tokyo, na nimeshamjibu mzazi huyo kwa sura nyingi tofauti. Sasa naandika, ili mwingine akija nimtumie asome mwenyewe.

"Waseda ilikuwa kubwa kwa sababu ya mazoezi ya mateso"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haiishii kwenye porojo. Inaishia mgongoni mwa mtoto. Kocha anamkimbiza kijana wa kidato cha pili kwenye jua la saa nane kwa kosa la kudondosha mpira, ukimuuliza anakutajia Waseda.

Haya, tuitazame hiyo Waseda tangu mwanzo. Timu ilianzishwa mwaka 1901, chuo chenyewe kikiwa bado hakijapata jina la Waseda. Mlezi wake alikuwa Abe Isoo, mwalimu aliyesomea teolojia Hartford, Marekani. Alikuwa Mkristo na msoshalisti, na mwaka huo huo wa 1901 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kisoshalisti ambacho serikali ilikipiga marufuku kabla hata hakijapumua. Huyo si mtu wa viboko. Alikuwa mpinga vita aliyeamini kwamba mataifa yakikutana uwanjani yatapunguza hamu ya kukutana kwenye mahandaki.

Abe aliwaahidi vijana wake kwamba wakiwashinda wapinzani wote wa Tokyo, atawapeleka Marekani. Ahadi ya namna hiyo siku zile ilikuwa ndoto ya mchana. Novemba 1903 Waseda ilicheza na Keio, chuo kingine cha Tokyo, kwa mara ya kwanza ikafungwa 11 kwa 9. Mwaka uliofuata ikawafunga wote: Keio, Gakushuin, na Ichiko, shule ambayo ilikuwa haishikiki kwa miaka mingi. Abe akabanwa na ahadi yake, akaenda kwa mwanzilishi wa chuo, Okuma Shigenobu, na fedha zikapatikana. Aprili 1905, Japani ikiwa katikati ya vita na Urusi, vijana wa Waseda wakapanda meli kwenda California.

Walicheza mechi 26. Walishinda 7, wakafungwa 19.

Naomba usome tena mstari huo, hasa kama wewe ni kocha. Safari iliyoibadilisha besiboli ya Japani nzima ilikuwa safari ya timu iliyofungwa mechi 19. Mrushaji wao, Kono Atsushi, alisimama kilimani (pale palipoinuka anaporushia mrushaji) karibu kila mechi mpaka Wamarekani wakampachika jina la "Kono wa Chuma", kwa sababu Waseda haikujua bado kwamba timu inahitaji warushaji kadhaa wa kupokezana. Hilo nalo walijifunza huko. Walirudi na viatu vya njumu, glavu bora, bunti (kuugusa mpira kwa gongo bila kulizungusha) na mbinu ya kumrudisha mkimbiaji nyumbani kwa bunti, namna mrushaji anavyozungusha mikono kabla ya kuachia mpira, mazoezi yenye mpangilio, hata ushangiliaji wa pamoja jukwaani. Tena hawakuyafungia kabatini. Nahodha Hashido aliandika mwongozo wa ufundi mwaka huo huo, na kila mpinzani akapata nafasi ya kusoma walichojifunza. Ukitaka kujua Waseda ilikuwaje kubwa, jibu liko hapo: walikwenda kufungwa na watu wanaojua zaidi, wakaangalia kwa makini, wakaandika, wakagawa.

Mateso yaliingia baadaye, na yana jina la mtu: Tobita Suishu. Huyu alikuwa nahodha wa Waseda mwaka 1910, Chuo Kikuu cha Chicago kilipokuja Japani na kuiadhiri timu yake. Tobita aliibeba aibu ile, akajiuzulu unahodha. Mwaka 1919 alirudi kama kocha, na hapo ndipo palipozaliwa kile kinachoitwa "mazoezi ya kifo": kupigiwa mpira baada ya mpira mpaka mchezaji aanguke, kwa imani kwamba asiyefika kwenye kutapika damu mazoezini asitegemee kushinda. Mwaka 1925 Chicago ikaja tena, Waseda ikaifunga, na Tobita, akiwa amelipa deni lake, akaachia ngazi.

Simulizi tamu, na ndiyo maana inarudiwa. Lakini hesabu miaka. Tobita alipoanza kazi, timu ilikuwa na umri wa miaka 18, imeshakwenda Marekani zaidi ya mara moja, na kila baada ya miaka michache ilikuwa inapimana na Chicago hiyo hiyo nyumbani na ugenini. Wachezaji aliowanyanyua walikuwa wamesimama juu ya kazi ya Abe. Anayekusimulia Tobita bila Abe anakupa supu bila nyama.

Na hata Tobita mwenyewe hakuwa kichwa cha rungu kama wanavyomchora. Aprili 1943 serikali ya vita ililivunja shirikisho la besiboli la vyuo vikuu sita vya Tokyo. Wanafunzi wakawa wanasubiri kuitwa jeshini. Tobita alikuwa miongoni mwa waliopigania vijana wapewe mechi moja ya mwisho dhidi ya Keio, wakati uongozi wa chuo chake ukisitasita. Ikachezwa tarehe 16 Oktoba 1943 kwenye uwanja wa Totsuka, Waseda ikashinda 10 kwa 1, na siku chache baadaye wanafunzi wa Tokyo wakaandamana kwenye mvua kuagwa kwenda vitani. Baadhi ya waliocheza siku ile hawakurudi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wapenzi wa viboko hawaipendi. Aliyeichambua falsafa ya Tobita kwa ukali kuliko wote alitokea Waseda yenyewe. Kuwata Masumi, mrushaji mkubwa wa timu ya kulipwa ya Yomiuri Giants, alipostaafu alijiunga na masomo ya uzamili Waseda mwaka 2009. Aliwahoji wachezaji wengi wa kulipwa kuhusu kupigwa na kunyanyaswa mazoezini, akaandika tasnifu iliyochukua nguzo tatu za Tobita (mazoezi mengi, kuikaza roho, utii usiohoji) na kupendekeza nyingine mahali pake: ubora wa mazoezi, uwiano wa moyo, na heshima. Hoja yake moja ni kwamba lugha ya ukali wa kijeshi ilisaidia kuilinda besiboli zama ambazo wanajeshi waliutazama kama mchezo wa adui. Ilikuwa ngao ya wakati wake. Wewe hapa Ilala unajilinda na jeshi gani?

Utaniambia: je, Ando? Kila mara huletewa Ando. Ndiyo, Novemba 1960 Waseda na Keio walicheza mechi sita kuamua ubingwa, mbili kati yake zikiisha kwa sare, na Ando Motohiro wa Waseda alirusha mechi tano kamili. Mipira 564 ndani ya wiki moja. Waseda ikachukua ubingwa, na Wajapani wanaikumbuka wiki ile mpaka leo. Mimi pia naiheshimu. Ila tangu 2020, wasimamizi wa besiboli ya sekondari Japani wameweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa mrushaji mmoja. Ando alikuwa mtu mzima wa chuo kikuu. Mrushaji wako ana miaka 14, kiwiko chake bado kinakua, na hujawahi hata kuhesabu. Nunua daftari. Kila mpira, kistari. Ukitaka kuwa Mjapani, anzia hapo.

"Wajapani walifundishwa besiboli na wanajeshi wa Marekani baada ya vita"

Hapana. Mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wake Tokyo mwaka 1872, katika shule ambayo baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tokyo. Mei 1896 wanafunzi wa Ichiko waliwafunga Wamarekani wa klabu ya Yokohama 29 kwa 4. Jenerali MacArthur wa Marekani alipotua Japani mwaka 1945, Waseda ilikuwa na zaidi ya miaka 40 ya besiboli. Wamarekani walikuta uwanja wa Meiji Jingu, uliojengwa 1926, wakautwaa kwa matumizi yao. Ualimu hapo uko wapi?

"Chuo kikuu kilikuwa ngazi ya kupandia ligi ya kulipwa"

Leo ndiyo, kwa wengine. Kihistoria mambo yako kinyume. Yomiuri Giants iliundwa mwishoni mwa 1934 na ligi ikaanza 1936, ilhali shirikisho la vyuo sita (Waseda, Keio, Meiji, Hosei, Rikkyo na Tokyo) lilikamilika 1925 na lilikuwa linajaza viwanja. Wengi waliona kucheza kwa pesa ni kujishusha. Hata mechi ya kwanza ya usiku nchini humo, Julai 1933, ilichezwa chini ya taa za Totsuka, uwanja wa Waseda, na waliocheza walikuwa wanafunzi.

"Waseda na Keio waliacha kucheza kwa sababu wachezaji walipigana"

Wachezaji hawakuwa na tatizo. Mashabiki ndio waliokuwa na tatizo. Mwaka 1906 kila upande ulikuwa umeshinda mechi moja, joto likapanda kiasi kwamba viongozi waliogopa damu kumwagika kwenye mechi ya tatu, wakaifuta. Marudiano yakaja 1925. Miaka 19! Watu wa Kariakoo watanielewa bila maelezo zaidi.

"Mpigaji wa Kijapani anakosa mpira wa ufunguzi kwa kutojua"

Nimewasikia watazamaji wetu wakicheka: mgeni rasmi anarusha mpira wa ufunguzi, unaenda kombo, na mpigaji bado anauzungushia gongo. Ni adabu. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni Waseda: Novemba 1908 timu kutoka Marekani ilikuja, na Okuma, mzee ambaye alishakuwa waziri mkuu na aliyepoteza mguu kwa bomu, akaombwa kurusha mpira wa kwanza. Ukaenda kombo kabisa. Mpigaji wa Waseda akaona hawezi kumwacha mwanzilishi wa chuo aonekane amekosea, akazungusha gongo hewani makusudi. Imekuwa desturi. Vijana wangu wote wanaijua, na wageni rasmi wetu wanaihitaji sana.

"Waseda wamechukua Koshien, na Oh Sadaharu alisoma huko"

Mnachanganya shule na chuo. Koshien ni ya sekondari, na chuo kikuu hakichezi huko. Sekondari yenye uhusiano na Waseda, Waseda Jitsugyo, ndiyo iliyochukua Koshien ya kiangazi 2006, baada ya fainali ya kwanza kuisha sare ya 1 kwa 1 na marudiano kwisha 4 kwa 3. Oh, yule mpigaji mashuhuri, alisoma sekondari hiyo, kisha akaenda moja kwa moja Giants mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Waseda hakikumwona darasani. Aliyekwenda chuoni ni Saito Yuki, mrushaji wa fainali zile za 2006, aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso akiwa kilimani na taifa zima likimwangalia.

"Chuo Kikuu cha Tokyo ni timu ya vichekesho"

Hawajawahi kuchukua ubingwa wa vyuo sita, kweli. Na kuanzia mwaka 2010 walifungwa mechi 94 bila ushindi hata mmoja, kweli pia. Hata Kuwata alikwenda kuwasaidia kama kocha maalumu mwaka 2013 na mkosi haukukatika upesi. Waliukata Mei 2015 kwa kuifunga Hosei 6 kwa 4. Lakini muulize anayecheka: ushindi wao wa mwisho kabla ya ukame ule waliupata kwa nani? Kwa Waseda, msimu wa vuli wa 2010, mrushaji akiwa Saito mwenyewe, nahodha. Kipigo kile kilikaribia kuigharimu Waseda, maana ilimaliza sawa na Keio ikalazimika kucheza mechi ya ziada ya ubingwa, ya kwanza baina yao tangu wiki ile ya Ando. Waseda ilishinda 10 kwa 5.