Mateka si mfungwa wa vita

Kila Urusi na Ukraine zinapobadilishana wanajeshi, vichwa vya habari vya Kiswahili huandika vilevile: "wabadilishana mateka". Kisha, katika taarifa hiyohiyo ya jioni, mtangazaji anahamia Gaza na kutuambia Hamas imewaachia mateka. Neno moja limebeba watu wa aina mbili, na msikilizaji anabaki akidhani jambo lilelile limetokea kwingine. Kwa sheria ya vita, kumshika yule wa kwanza ni ruhusa. Kumshika wa pili ni jinai.

Maana yenyewe ni fupi. Mfungwa wa vita ni mwanajeshi aliyeangukia mikononi mwa adui katika vita baina ya nchi na nchi. Anazuiliwa ili asirudi mstari wa mbele, basi. Mateka ni mtu yeyote, raia au askari, mtoto au balozi, anayeshikwa huku aliyemshika akimwambia mtu wa tatu: fanya hili au acha lile, la sivyo huyu atauawa, ataumizwa au hatoki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uchukuaji mateka, uliopitishwa Desemba 17, 1979, umejengwa juu ya huyo mtu wa tatu. Kama hakuna anayeshurutishwa, hakuna mateka. Kuna utekaji nyara, au kizuizi haramu, au kosa lingine lenye jina lake.

Abiria wa ndege ya Air France iliyopelekwa Entebbe mwishoni mwa Juni 1976 ndio mfano ambao Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa. Hawakuwa wapiganaji. Watekaji walitaka wenzao waliofungwa Israel na katika nchi nyingine kadhaa, Kenya ikiwemo, waachiwe. Abiria walikuwa bei tu.

Watangazaji nao si wa kulaumiwa peke yao, kwa sababu lugha yenyewe iliwatega. Tunateka maji kisimani, jeshi linateka mji, na zamani waliorudi vitani walirudi na ng'ombe, nafaka na watu, vyote mateka. Neno letu halikujua masharti wala mtu wa tatu. Lilijua kilichochukuliwa tu. Ukilifuata kwenye shina lake, yule mwanajeshi wa Ukraine ndiye mateka halisi, na abiria wa Entebbe amekuja juzi kupewa jina lisilo lake. Nakubali hilo. Lakini mikataba imeandikwa, mahakama zinaitumia, na hatuwezi kusoma sheria ya mwaka 1949, yaani Mikataba minne ya Geneva kuhusu vita, kwa maana ya enzi za mikuki.

Dhana ya wanasheria iko karibu zaidi na neno tulilo nalo kwenye mikopo: rehani. Waarabu humwita mateka wa aina hii rahina, kutoka mzizi uleule uliotupa rehani. Na kweli, kwa karne nyingi mateka alikuwa mtu aliyewekwa rehani, mara nyingi kwa hiari ya upande wake. Mkataba wa amani wa Aix-la-Chapelle wa 1748 uliitaka Uingereza ipeleke makabaila wawili Ufaransa, wakae huko hadi kisiwa cha Cape Breton, katika Kanada ya leo, kirudishwe kwa Wafaransa. Walikwenda, wakakaa kama wageni wa heshima. Hata Francis Lieber, profesa wa New York aliyeandika kanuni za vita ambazo Rais Lincoln aliwapa wanajeshi wake Aprili 1863, alimweleza mateka kama mtu anayepokewa kuwa dhamana ya makubaliano, akaongeza kwamba mateka ni nadra katika zama hizi. Aliagiza watunzwe kama wafungwa wa vita, kila mtu kwa cheo chake. Ukitaka kujua mchanganyiko ulianzia wapi, sehemu yake iko hapo.

Nadra hiyo haikudumu. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Ujerumani lilishika raia kwenye nchi lilizozikalia na kuwafanya dhamana ya utulivu wa majirani zao. Serbia, mwaka 1941, amri ilikuwa raia 100 wauawe kwa kila Mjerumani mmoja aliyeuawa, na 50 kwa kila aliyejeruhiwa. Oktoba ya mwaka huo, mjini Kragujevac, watu zaidi ya 2,000 walipigwa risasi, wakiwemo wanafunzi wa sekondari na walimu wao. Rehani ilikuwa imeacha kuwa adabu ya makabaila.

Baada ya vita majenerali wa Ujerumani waliokuwa eneo la Balkani walishtakiwa Nuremberg mbele ya mahakama ya Kimarekani, katika kesi iliyokuja kuitwa Kesi ya Mateka. Field Marshal Wilhelm List alihukumiwa kifungo cha maisha Februari 1948. Hukumu yenyewe, hata hivyo, iliwaacha wasomi wa sheria vinywa wazi: majaji walisema kwamba chini ya masharti makali sana, kuwachukua mateka na hata kuwaua kungeweza kuwa halali kwa sheria ya wakati ule. Mwaka uliofuata jibu lilikuja. Kifungu cha 34 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kina sentensi moja inayopiga marufuku uchukuaji wa mateka, bila kusema isipokuwa wala endapo. Kifungu cha 3, kinachorudiwa katika mikataba yote minne, kinapiga marufuku hiyohiyo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni katika sehemu chache za sheria ya vita ambazo hazina mlango wa nyuma.

Sasa mlinganishe na mfungwa wa vita, ambaye Mkataba wa Tatu wa mwaka huohuo unamwekea vifungu zaidi ya 140. Akihojiwa, anawajibika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake ya jeshi. Anaweza kuwekewa kikomo cha barua, lakini kisishuke chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Analipwa: askari wa chini ya sajini anastahili malipo ya awali ya faranga 8 za Uswisi kila mwezi. Haruhusiwi kuanikwa mbele ya watu kama maonyesho, jambo ambalo wanaorusha video za wanajeshi waliokamatwa hulisahau. Mapigano yakikoma arudishwe kwao bila kuchelewa. Akitoroka akakamatwa, adhabu yake ni ya kinidhamu, isiyozidi siku 30.

Hilo la mwisho lina kisa chake hapa nyumbani. Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki wakaenda kupanda Mlima Kenya. Vifaa vya kupandia walivitengeneza wenyewe kwa vyuma chakavu, na mwongozo wao mmojawapo ulikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Batian, kilele cha juu kabisa, iliwashinda. Wawili kati yao walifika Lenana, kilele cha chini zaidi, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote wakashuka na kurudi kambini kwa miguu yao. Walipewa siku 28 za seli ya upweke. Mkuu wa kambi, kwa kuvutiwa na uanamichezo wao, akazipunguza hadi 7. Mateka haadhibiwi kwa kutoroka, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumzuia tangu mwanzo.

"Mfungwa" nalo lina tatizo lake, naomba nilitaje nisije nikaonekana nampendelea mtu. Kwetu mfungwa ni aliyehukumiwa, na anayesubiri kesi ni mahabusu. Mfungwa wa vita si huyu wala yule. Hana kosa: kumpiga risasi askari wa adui vitani hakumfanyi muuaji, ilimradi hakukiuka sheria za vita. Mwasi aliyekamatwa katika vita vya ndani hana kinga hiyo. Serikali yake inaweza kumshtaki kwa uhaini au mauaji, japo haiwezi kumtesa wala kumnyonga bila mahakama. Ndiyo maana makundi ya waasi hupenda sana kuitwa wapiganaji wa vita vya kimataifa, na serikali hupenda sana kukataa.

Mpaka kati ya mfungwa wa vita na mateka unaweza kuvukwa pia. Gilad Shalit alikuwa askari wa Israel aliyekuwa kazini alipokamatwa na wapiganaji wa Kipalestina Juni 2006. Kumkamata askari vitani si uhalifu. Kumnyima ziara za Msalaba Mwekundu na kusema hatoki hadi wafungwa wetu watoke ni jambo jingine, na aliachiwa Oktoba 2011 kwa kubadilishwa na Wapalestina 1,027. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mara ni moja: nani anashurutishwa, na afanye nini?

Basi, ndugu zangu wa vyumba vya habari, kwa Urusi na Ukraine "wafungwa wa vita" ingetosha. Ikiwa kichwa cha habari hakina nafasi, "wabadilishana wanajeshi waliokamatwa" nayo inaeleweka, na hata "mateka wa vita" naweza kuivumilia, maana neno "vita" linasaidia. "Mateka" pekee waachieni walioshikiwa masharti. Na mkirudi Gaza, upande wa Israel msiseme ilitoa wafungwa tu; semeni wafungwa na mahabusu, kwa sababu baadhi ya Wapalestina walioachiwa walikuwa hawajafunguliwa shtaka lolote.