Eti paka mkubwa wa kuokota hazoei watu?

Wengi huku Dodoma wanaamini paka wako akifa na unataka mwingine, chukua mdogo tu, maana mkubwa wa kuokota pale soko la Majengo hazoei mtu. Kuna ukweli kidogo, kapaka kanakoshikwashikwa kuanzia wiki ya 2 hadi ya 7 tangu kuzaliwa kanazoea watu kirahisi zaidi, ila mkubwa aliyewahi kuishi na watu anazoea tena vizuri tu, sema anaweza kujificha chini ya kabati hata wiki kadhaa, usimvute. Cheki mwenyewe: kaa chini mbali kidogo, fumba macho taratibu, akifumba na yeye au akija mkia juu, huyo ameanza kukuamini. Ambaye hajawahi kabisa kuguswa na mtu ndo mgumu kweli. Na kichaa cha mbwa kinampata hata paka, so daktari wa mifugo amchome chanjo mapema.