Shule ya Sheria si chuo kikuu cha pili

Hapa Tanga kijana akishavaa joho la shahada ya sheria, Ngamiani nzima humwita wakili. Akiaga kwamba anakwenda Shule ya Sheria, watu huguna: kwani miaka yote ile alikuwa anasoma nini?

Kwa kifupi, Shule ya Sheria, ambayo kwa jina rasmi ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ipo Dar es Salaam na humpokea mtu mwenye shahada tayari. Humfundisha kazi: kuandaa hati ya madai, kumhoji shahidi, kuandika mkataba, kutunza fedha za mteja. Akifaulu, ndipo humwomba Jaji Mkuu amkubali na kumwapisha kuwa wakili. Basi.

Kinachonikera ni kauli ya barazani kwamba "hata sisi tunayo, iko Lushoto". Kilichopo Lushoto ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Ni chuo cha heshima, na watumishi wengi wa mahakama wamepikwa pale, ila stashahada ya Lushoto haimfanyi mtu wakili. Wala shahada ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, peke yake haimfanyi.

Zamani Shule hii haikuwapo kabisa. Chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi walikuwa 14 tu, wakisomea katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa inaingia kwenye uhuru huku wanasheria wazalendo wakihesabika kwa vidole. Kwa miaka mingi mhitimu alipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kufanya mazoezi, kisha akakabili mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Kazi aliifunzwa na wakubwa zake ofisini. Vyuo vikaongezeka, wahitimu wakajaa, na wakubwa wa kumshika kila mmoja mkono hawakutosha. Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Shule mwaka 2007, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka uliofuata. Yaani ulezi wa ofisini ulihamishiwa darasani, na mvutano wote wa leo umeanzia hapo.

Mwaka 2022 matokeo yalipotoka, wanafunzi 26 kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja. Kelele zikawa kubwa hadi Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza, chini ya waziri wa zamani Dk. Harrison Mwakyembe. Wengine walisema Shule inakomoa, wengine kwamba vyuo vinatoa shahada kama njugu. Mimi naona lawama igawanywe kwa kazi ya kila mmoja. Asiyeweza kujenga hoja kwa maandishi, aulizwe aliyempa shahada. Anayejua sheria lakini hajui jalada linafunguliwaje mahakamani, hapo Shule ndiyo ijibu.

Kwa hiyo yule kijana wa jirani aliyemaliza chuo, mwiteni mwanasheria. Ni jina lake halali na linatosha. Ila hati ya kiapo ya shamba lenu la Pongwe msimpe aigonge muhuri kabla hajawa wakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, wenye majina ya mawakili. Andikeni jina lake mle kwanza. Lisipoonekana msimcheke, huenda bado anasubiri kuapishwa.