Dawa ya mashine ya ultrasoniki: angalia chuma kabla ya uchafu

Fundi wangu wa injini za boti, kibanda chake si mbali na mwalo wa Kirumba, Mwanza, ana beseni dogo la chuma cha pua lenye waya wa umeme. Anatumbukiza kabureta, anabonyeza kitufe, beseni linaanza kuzomea kama mafuta yaliyoingia maji. Wateja huiita "mashine ya kuosha". Jina hilo linapotosha kidogo, maana chombo chenyewe kinatikisa maji tu. Uchafu hutolewa na maji hayo pamoja na dawa iliyotiwa ndani, na kwenye dawa ndipo watu wanapoharibu vitu.

Chini ya beseni kumegandishwa sahani za kauri ambazo zikipata umeme hutetemeka, kwa mashine nyingi za mezani kama mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia karibu 20,000, ndiyo maana ya ultrasoniki: mawimbi yaliyopita uwezo wetu wa kusikia. Mtetemo huo huvuta maji na kuyabana, huvuta na kuyabana. Yakivutwa, vinatokea viputo vidogo mno. Yakibanwa, viputo vinapasuka kwa ndani na kupiga uso wa chuma kilicho karibu. Hiyo ndiyo kavitesheni. Nahodha aliyewahi kuona propela iliyodonolewa vishimo kingoni ameshaiona, ila kule inakula chuma, huku tunaitumia kubandua masizi kwenye tundu la jeti, kile kipande kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, tundu lisilopitisha hata sindano.

Sasa dawa. Maji matupu nayo hutoa viputo, lakini grisi ikibanduka hurudi kujipaka palepale. Dawa hulegeza ngozi ya maji ili yapenye kwenye matundu, kisha huushika uchafu usirudi. Zipo za sabuni tu, zisizo kali upande wowote; zipo za upande wa magadi, ambazo hukata mafuta na masizi; na zipo za asidi, za kutu na chokaa. Kwa utando wa petroli iliyochanganywa na oili, ule unaoganda injini ikilazwa muda mrefu, dawa nyepesi ya upande wa magadi inatosha, mradi kwenye chupa pameandikwa kwamba inafaa kwa alumini.

Hapo kwenye alumini ndipo ilipo kesi yenyewe. Mwaka juzi nilipeleka kabureta kwa fundi mwingine, simtaji. Nikakuta maji yanachemka povu hata kabla hajawasha.

"Fundi, umetia nini humu?"

"Kostiki kidogo tu, bosi. Inakula uchafu wote."

Kweli ilikula. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, ikikutana na alumini hutoa gesi ya haidrojeni, na alumini yenyewe huyeyuka taratibu. Kabureta ilitoka nyeusi kama sufuria ya makande, mahali pa kukalia gasketi pamekwanguka. Ile asidi ya kuondolea kutu ingefanya vibaya vilevile, kwa sababu kabureta nyingi ni alumini au mchanganyiko wa zinki, na zinki haiwezani na asidi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo hukitoboa chuma cha pua, maana yake unaharibu beseni lenyewe. Petroli na thina usitie kabisa: joto, mvuke na umeme chini ya beseni moja, hesabu yake unaijua.

Huko Marekani wenye bunduki huoshea mashine hizihizi vizuia sauti, lile bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu, na wao wamenasa kwenye mtego huohuo. Vipande vya ndani huweza kuwa alumini, chuma cha pua au titani, na kila kimoja kina dawa yake. Bunduki ndogo za .22 hujaza ndani masalia ya risasi. (Kiswahili kimetufanyia hesabu rahisi hapa: kitu kinachofyatuliwa na madini yake vina jina moja.) Wengine huchanganya siki na haidrojeni peroksidi ili kuyayeyusha. Inayeyusha kweli, lakini kinachobaki ni chumvi ya risasi iliyoyeyuka majini, sumu inayoingia mwilini kirahisi kuliko bonge la risasi lenyewe. Anayesubu chubwi za nyavu asiige mchezo huo.

Mengine ni mazoea. Maji mapya yana hewa ndani, na hewa hiyo hulegeza pigo la viputo, kwa hiyo washa beseni likiwa na maji na dawa tu, dakika kama kumi kabla ya kutia kitu. Joto la nyuzi 50 hadi 60 linafaa; yakikaribia kuchemka nguvu hupungua. Kitu kikae kwenye kikapu, kisiguse sakafu ya beseni. Ukitaka kujua kama mashine bado ina nguvu, ning'iniza kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni: kikitoka kimejaa vitundu, ni nzima. Na karatasi hiyohiyo ikuambie usiache alumini laini humo saa nzima.

Ukitoa, suuza kwa maji safi, puliza kwa kompresa kila tundu, sehemu za chuma cha kawaida zipake oili mara moja, kwani zikioshwa hivi huota kutu hata kabla hujamaliza chai.

Maji machafu fundi wangu huyamimina kwenye dumu la lita 20 na kulifunga. Siku ya kwanza nilimwambia mfereji uko hapo nje. Akanionyesha kwa kidole unakoishia: ziwani, hatua chache kutoka pale akina mama wanapoosha dagaa.