Hataza si hakimiliki

Nje ya ukumbi wa chuo kimoja nilisoma bango lenye picha kubwa ya mashine, na chini yake maneno kwamba mhadhiri wa hapo "amepata hakimiliki ya mashine ya kukaushia mihogo". Hakuna apataye hakimiliki ya mashine. Alichopata, kama kweli kimekwisha kutolewa, ni hataza.

Hataza ni haki ambayo dola hutoa kwa uvumbuzi ulio mpya, usio dhahiri kwa mtaalamu wa fani yake, na unaoweza kutumika viwandani. Mwenye nayo anaweza kuwazuia wengine kuutengeneza, kuutumia au kuuingiza sokoni, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka 20 tangu siku ya kuomba. Hakimiliki hulinda andiko, wimbo, picha na kazi za namna hiyo, nayo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kuombwa. Kwa Tanzania Bara, mwombaji wa hataza huenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na mambo ya hakimiliki yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya ni KIPI kwa hataza na KECOBO kwa hakimiliki. Hata ofisi zenyewe ni mbalimbali.

Lawama, kwa maoni yangu, iko kwenye neno lenyewe. "Hakimiliki" limeungwa kwa "haki" na "miliki", yote mawili yenye asili ya Kiarabu, na anayelisikia huelewa haki ya kumiliki chochote, kiwe shamba, nyumba au mashine. Wanasheria wamelibana kwenye kazi za maandishi na sanaa, lakini masikio ya watu hayakubanwa pamoja nalo. "Hataza", kwa upande wake, halimdokezei msikilizaji lolote, ndiyo maana hukimbilia neno analolitambua. Wengine husema "patenti", na hilo lina kisa cha kuvutia, kwa kuwa mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwa wazi. Wafalme wa Ulaya walikuwa na barua za namna mbili: zilizofungwa kwa lakiri, ambazo hazikusomeka mpaka lakiri ivunjwe, na barua za wazi, ambazo lakiri ilining'inia chini ya ngozi iliyoandikiwa ili yeyote asome mfalme amempa nani nini. Hataza ni kizazi cha hizo za pili. Mvumbuzi hueleza uvumbuzi wake hadharani, kwa kina kinachomwezesha mtaalamu mwingine kuurudia, na dola humpa upekee wa muda. Anayesema kwamba ameiwekea mbinu yake hataza ili ibaki siri amelipindua neno miguu juu.

Chuoni kuchanganya huku kuna gharama. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuchapisha. Makala ikishatoka, hakimiliki yake ipo, pengine ameshaikabidhi kwa jarida, naye hujiona amelindwa. Kumbe uvumbuzi uliotangazwa si mpya tena, na ombi la hataza linaweza kukataliwa kwa sababu ya makala yake mwenyewe. Mfano ni wa Marekani: Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha mbinu yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973. Niels Reimers, aliyeongoza ofisi ya leseni ya Stanford, aliijua kazi hiyo kwa kusoma gazeti mwaka uliofuata, akamshawishi Cohen aliyekuwa akisita, na ombi likawasilishwa tarehe 4 Novemba 1974, siku chache kabla ya kwisha mwaka mmoja ambao sheria ya Marekani humvumilia mvumbuzi aliyekwisha kuchapisha. Katika nchi zisizo na uvumilivu huo, nafasi ilikuwa imeshapotea. Hataza ya kwanza ilitolewa Desemba 1980, na leseni walizopewa mamia ya kampuni ziliingiza zaidi ya dola milioni 250 za mrabaha, yaani malipo ya kuutumia uvumbuzi.

Tena mvumbuzi na mmiliki wa hataza si lazima wawe mtu mmoja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huipeleka kwa mwajiri haki ya hataza ya uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Sweden, kinyume chake, bado humwachia mwalimu wa chuo kikuu uvumbuzi wake. Kwa hiyo mkataba wa ajira na kanuni za chuo ndivyo vya kusoma kwanza, maana humo ndimo huelezwa nani ataomba, nani atalipa ada za kila mwaka za kuidumisha hataza, na mrabaha utagawanywaje kati ya mvumbuzi, idara na chuo.

Bango lile, basi, pengine lilipaswa kusema: "Chuo chapata hataza ya mashine ya kukaushia mihogo, iliyovumbuliwa na mhadhiri wetu", na kama ombi lingali likichunguzwa, "chaomba" badala ya "chapata". Neno hakimiliki lingeweza kubaki pembeni kwa herufi ndogo, chini ya ile picha, pamoja na jina la aliyeipiga.